Engalabi kwa mkono unaoanza

Ngoma ya engalabi ikisimamishwa wima juu ya sakafu ya simenti, mdomo wake wa chini ukaziba, haitalia hata ipigwe na nani. Itatoa mlio mkavu tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye duka lililofungwa. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza, na bahati nzuri ndilo jepesi kuliko yote kulirekebisha. Iinamishe ngoma mpaka mdomo wa chini uachane na ardhi kiasi cha vidole vinne, kisha piga tena pale pale ulipopiga. Ngozi ikipigwa hutikisa hewa iliyomo ndani ya mti, na hewa hiyo isipopata pa kutokea, mlio hufia humo humo.

Mengi ya ngoma hii yanarudi hapo hapo, kwenye kuachia. Uiachie hewa itoke, uuachie mkono uruke, uwaachie wenzako nafasi waseme. Anayeshika sana, anayebana sana, anayejaza kila pengo, atachoka mapema na ngoma yake haitasikika.

Engalabi ni ngoma ndefu ya Waganda. Ni gogo lililochimbwa likatoboka juu hadi chini, likawambwa ngozi upande mmoja tu. Mtu wa pwani akiiona atakumbuka msondo. Urefu wake mara nyingi hufika mita moja na ushee, lakini uso wake ni mdogo, sentimita 20 mpaka 30 hivi. Ngozi haifungwi kwa kamba kama kwenye ngoma nyingine za Buganda, bali hupigiliwa pembeni kwa vigingi vidogo vya mti. Wenzake katika kundi ni embuutu, ngoma kubwa yenye ngozi ya ng'ombe juu na chini, inayobeba mdundo wenyewe. Empuunyi, ya besi, isiyoyumba. Na namunjoloba, ndogo, ya fimbo mbili, yenye sauti ya juu na maneno mengi. Engalabi hupigwa kwa mikono mitupu na ndiyo iliyopewa uhuru wa kuchezacheza juu ya wenzake. Uhuru huo ndio unaowaponza wanaoanza.

Tahadhari moja kuhusu video za kwenye simu. Ukitafuta mafunzo ya ngoma ya mkono utaletewa djembe ya Afrika Magharibi, na mafunzo yake ni mazuri, ila tumbo la djembe ni pana na ngozi yake hukazwa kwa kamba. Besi nzito unayoisikia pale hutaipata kwenye engalabi hata uvunje kiganja. Engalabi ina sauti ya juu, kali, inayopenya. Chukua kwenye djembe namna ya kulegeza mkono, mengine yaache huko.

Kuhusu kununua. Mafundi wengi wanaojulikana wako Mpambire, wilayani Mpigi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, ambako ngoma hupangwa nje ya vibanda kwa ukubwa wake. Zile ndogo zilizopakwa rangi na kuchorwa twiga ni za wageni kuweka sebuleni, usipoteze muda nazo. Mwambie fundi, "Mzee, naomba niipige kidogo kabla hatujaongea bei," na fundi wa kweli hatakataa. Atakuinamishia mwenyewe.

Kabla ya kuipiga, ichungulie ndani kwa tochi ya simu. Nyufa za juujuu zilizofuata nyuzi za mti si hoja, lakini ufa unaopita kutoka ndani hadi nje unaiba sauti na utazidi kufunguka kila kiangazi. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano, gonga mti juu ya karatasi nyeupe: ukidondoka unga laini, wadudu bado wamo na wanaendelea kula. Inyanyue pia. Ngoma nzito kupita kiasi mara nyingi ni ya mti ambao haujakauka, nao utapasukia nyumbani kwako. Mukebu ni mmojawapo wa miti inayochongwa ngoma Buganda, lakini kwa anayeanza ukavu wa mti una uzito kuliko jina lake.

Halafu pitisha kidole kwenye ukingo, pale ngozi inapokunjwa kushuka. Ukingo uwe umeviringwa kama mdomo wa chungu. Ukiwa na makali kama ubao uliokatwa kwa msumeno, utakuumiza viungo vya vidole na utaikata ngozi kutoka chini. Vigingi navyo vikae chini ya ukingo, kwa nafasi zinazolingana. Kimoja kikichomoza juu, siku moja utakikuta kwa kiganja.

Ngozi ya jadi ya engalabi ni ya kenge, ambaye Waganda humwita enswaswa. Ni nyembamba, ngumu, na magamba yake unayaona. Lakini kenge ni mnyamapori. Kumwinda bila kibali ni kosa Uganda, na biashara ya ngozi yake kuvuka mipaka ina masharti chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo anayepanga kupita na ngoma Entebbe, Busia au Malaba asichukue ya kenge bila karatasi. Ngozi ya mbuzi inatosha kabisa kujifunzia. Inaitika kwa pigo dogo, na hilo ndilo unalolihitaji. Ngozi nene ya ng'ombe kwenye uso mdogo kama huu inakulazimisha kupiga kwa nguvu, na kupiga kwa nguvu ni tabia ngumu kuitoa baadaye kuliko kuipata.

Sasa mkao. Ukikaa, tumia kiti kisicho na mikono, ngoma ipite kati ya magoti, uso wake uinamie upande wako kidogo, mguu wa ngoma usonge mbele. Magoti yaishike bila kuibana. Ukisimama, mkanda upite begani na ngoma ilale mshazari mbele yako. Kwa namna zote mbili viwiko visibanane na mbavu, na uso wa ngoma uwe chini kidogo ya kiwiko. Ukiwa juu zaidi, mabega yatapanda na baada ya dakika kumi shingo itaanza kulalamika.

Kuna sauti tatu za kujifunza, na kwa wiki mbili za mwanzo usijifunze kitu kingine. Hapa tutaziita du, to na pa, kwa sababu ukiweza kuzitamka mfululizo bila kukwama, mikono nayo itafuata.

Du ni ya katikati. Inapigwa kwa kiganja, vidole vimeinuliwa kidogo, kwa sababu uso ni mdogo na vidole vikilala vitaibana ngozi ukingoni. Mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe kutoka kimo cha shubiri moja, uguse na kurudi. Fikiria unagusa bati lililokaa juani mchana kutwa. Mkono ukikaa juu ya ngozi hata nusu sekunde, umeiziba.

To ni ya ukingoni, na ndiyo sauti ya kweli ya ngoma, ile inayoimba. Vidole vinne vikae pamoja, vimenyooka bila kukakamaa. Mstari wa pale vidole vinapoungana na kiganja ndio utue juu ya ukingo, vidole vyote vikiwa juu ya ngozi kwa wakati mmoja. Kidole gumba kiinue, kielekee juu na nje. Gumba likilegea litagonga ukingo, na gumba likishagonga ukingo mara moja kwa nguvu, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Ukipata to sawasawa utasikia noti, kitu unachoweza kukifuata kwa mdomo.

Pa inapigwa mahali pale pale, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kinachobadilika ni vidole. Vilegee, viachane kidogo, vijikunje kidogo sana, kisha vichape kwa ncha kama unavyokung'uta maji mkononi baada ya kunawa. Ukikaza vidole ili upate ukali, unapata to mbaya yenye maumivu. Nguvu haihusiki hapa. Mtoto wa miaka minane mwenye mkono mlegevu atatoa pa inayokwenda mbali kuliko ya mbeba mizigo.

Jipime hivi. Weka simu mita mbili kutoka ulipo, rekodi to 20 za mkono wa kulia, to 20 za kushoto, kisha sikiliza bila kuangalia. Usipoweza kujua ni wapi mkono ulibadilika, uko vizuri. Kwa kawaida utajua, tena haraka, maana mkono usioandikia huwa umechelewa na umefifia. Dawa yake ni kuanza kila zoezi kwa mkono huo, si kuupiga kwa nguvu zaidi.

To ikitoka kavu, mara nyingi umeingia ndani mno, umeacha ukingo nyuma ya kiganja. Rudisha mkono sentimita moja au mbili. Pa ikitoka kama to, vidole vimeshikana. Du ikiwa na mlio wa juu ndani yake, umepiga pembeni ya katikati. Na zote tatu zikitoka hafifu ghafla wakati jana zilikuwa nzuri, usijilaumu. Angalia mawingu kwanza.

Zoezi la kwanza lenye mdundo ni la hesabu sita, na tuseme wazi kwamba ni zoezi tu, si mdundo wa ngoma yoyote ya jadi. Hesabu moja hadi sita kwa mwendo sawa, urudie bila kituo. Kwenye moja piga du kwa kulia. Mbili nyamaza. Tatu, to kwa kushoto. Nne, to kwa kulia. Tano nyamaza. Sita, pa kwa kushoto. Mikono inapokezana yenyewe, kulia kwenye moja na nne, kushoto kwenye tatu na sita, na mwendo wake ni wa kuchechemea. Weka programu ya kupimia mapigo kwenye simu igonge mara 60 kwa dakika, kila pigo liangukie moja au nne. Ukipiga dakika tatu bila kupotea, ongeza mapigo manne. Ukianza kukwama, rudi nyuma manane, si manne. Ukifika 100 ukiwa bado unapumua vizuri, badilisha mikono uanze na kushoto, na utajikuta umerudi 60. Usiudhike, kila mtu hurudi.

Baada ya hapo lete mguu. Mguu ukigonga moja na nne ni rahisi, unaandamana na mkono wa kulia. Sasa ugonge moja, tatu na tano, mikono ikiendelea vilevile. Pigo la tatu la mguu litaangukia kwenye ukimya, na hapo mikono itataka kuukimbilia kuujaza. Izuie. Hili likikaa mwilini, umepata ufunguo wa ngoma nyingi za Uganda, maana mapigo hayo sita husikika kama mbili za tatu au tatu za mbili, na wapigaji hodari huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kutoa taarifa. Asiyeweza kusikia pande zote mbili hubaki akiuliza moja iko wapi.

Kwa midundo yenyewe ya jadi, anza na maneno. Buganda ngoma husema. Mdundo wa kuita watu kwenye kazi ya pamoja, bulungi bwansi, unasema "saagala agalamidde", yaani sitaki wa kujilaza. Ule wa hatari unaita "ggwanga mujje", enyi watu wote njooni. Kila ukoo nao una msemo wake wa ngoma, omubala. Silabi ndefu na fupi za maneno hayo ndizo zinazopanga mapigo, kwa hiyo anayejua Kiswahili tu akijaribu kuuhesabu mdundo kwa namba atapata mifupa bila nyama. Mwombe mtu akutamkie polepole, uige kwa mdomo mpaka acheke kwa sababu umefanana naye, ndipo uguse ngozi.

Ukitaka kuona mikono ya waliokomaa, nenda Ndere Centre, Ntinda, siku ya maonyesho, ukae upande wa wapiga ngoma na si mbele ya wachezaji. Jumba la makumbusho la Uganda, barabara ya Kira, lina vyombo vingi vya kutazama umbo na namna vilivyowambwa. Zamani Buganda mwanamke hakupiga ngoma. Siku hizi wasichana wanapiga, kwenye mashindano ya shule hasa, na wengi wana pa safi kuliko kaka zao.

Ukikaribishwa kwenye kundi, usianze na engalabi. Omba empuunyi kwa siku kadhaa. Ni kazi inayochosha akili kwa sababu haibadiliki, lakini ndiyo itakayokufundisha ardhi iko wapi. Siku ya kushika engalabi, subiri empuunyi na embuutu zikae, itafute hesabu ya moja kwa mguu, kisha weka pa moja tu katika kila mzunguko, mahali pale pale. Moja. Zikiisha dakika tano na hakuna aliyekugeukia, ongeza ya pili. Kundi linapotoka baakisimba kuingia nankasa, ambazo ni ngoma za kucheza za Buganda, mwendo hupanda, na anayeanza huchelewa kwa sababu anaangalia mikono yake. Angalia kiuno cha mchezaji. Kitakuambia mapema.

Halafu kuna hili la majirani. Engalabi ndiyo ngoma ya okwabya olumbe, shughuli ya kumalizia msiba na kumtambulisha mrithi, kiasi kwamba "tugenda mu ngalabi", tunakwenda kwenye engalabi, humaanisha shughuli hiyo hiyo. Ukifanya mazoezi saa tatu usiku penye Waganda wengi, usishangae mama wa nyumba ya pili akichungulia kuuliza kuna nini. Fanya mchana, au tandika kitambaa cha khanga juu ya ngozi. Kitambaa kinapunguza mlio lakini kinaficha makosa, basi kitumie kwa mdundo tu, usikitumie kwa kutafuta sauti.

Turudi kwenye mawingu. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hewa ya Kampala na kandokando ya ziwa ina unyevu wa kutosha kulegeza ngozi usiku mmoja. Asubuhi ngoma inasema "bwa". Kwa kuwa vigingi havikazwi, njia ni joto. Ilaze juani, uso wake ulielekee jua, uigeuze na kuigonga kila dakika tano. Sauti ikianza kuimba, itoe. Mara nyingi robo saa hadi nusu saa inatosha, kutegemea jua. Kwa moto, washa nyasi kavu au makaa, ushike ngoma mbali kiasi kwamba mkono wako ukiwekwa mbele ya ngozi unaweza kukaa bila kuuondoa, na uizungushe muda wote. Ikipanda sana ukaendelea kupiga, ule usemi wa ngoma ikilia sana haikawii kupasuka unakuwa taarifa ya hali halisi. Usiiache ndani ya gari lililofungwa mchana, na usiipake maji juu ili kuilegeza iliyokauka mno. Iweke kivulini, itashuka yenyewe.

Mikono itakuwa myekundu na moto siku za kwanza, hilo ni la kawaida. Maumivu kwenye mfupa, hasa kiungo cha chini cha kidole cha shahada, si ya kawaida. Yanatokana na pembe mbaya ya ngoma au kiti kifupi. Vua pete na saa. Dakika 15 kila siku zinajenga mkono, saa tatu za Jumamosi zinaubomoa. Na imewahi kutokea kwa wapiga ngoma za mkono wanaopiga kwa nguvu kwa saa nyingi kukojoa mkojo mwekundu, kwa sababu chembe za damu huvunjika kwenye viganja. Ukiona hivyo, acha kupiga na uende ukaonwe na daktari.

Ngozi ikichanika, hakuna kiraka. Ng'oa vigingi kwa upole ili matundu yasipanuke, safisha ukingo, loweka ngozi mpya ya mbuzi kwenye maji baridi usiku kucha mpaka ikunjike kama nguo. Ivute juu ya mdomo wa ngoma, upigilie kigingi cha kwanza, kisha cha pili kilichokabiliana nacho, halafu viwili vya ubavuni, uendelee hivyo kwa kupishana. Ukizunguka kufuata duara utamaliza na mkunjo upande mmoja. Isivutwe mpaka mwisho, maana ikikauka itajivuta yenyewe, na iliyovutwa kupita kiasi ikiwa mbichi hung'oa vigingi au huchanikia kwenye matundu. Ianike kivulini siku tatu au nne, juani itakauka upande mmoja kabla ya mwingine. Manyoya yanyoe kwa wembe baada ya kukauka. Na usiijaribu mapema, hata kwa kidole: ngozi mbichi ikipigwa hubaki na bonde la kiganja katikati, na itabidi uing'oe uanze tena na maji.